Spika za kizamani za kujitengenezea: ohmu 4, 8 ama 16, na krosova gani uweke

Mtu akinitumia picha ya kabati zake mpya za spika, plaiwudi imepigwa vanishi ikang'aa, mbele kitambaa kile cha kahawia cha radiogramu za wazee, najua swali linakuja tu: "sasa niweke krosova gani?", krosova ni kile kibodi kinachogawa sauti, noti za chini ziende spika moja na za juu ziende nyingine. Na mimi narudisha swali, ampi yako ni gani? Wengine wanakasirika kidogo wanaona nawazungusha, lakini wacha nikwambie, ampi ndiyo inaamua ohmu za spika (yaani upinzani wake kwa umeme) na ohmu ndizo zinaamua krosova, ukikimbilia krosova kwanza ni kama umenunua mabati na hujui nyumba itakuwa na vyumba vingapi.

Mimi nilinunua mabati kwanza. Nilikuwa na wufa mbili za inchi 8, hizo ndizo za besi, na twita mbili, zile ndogo za noti za juu, zote zilitoka kwa gari, nikashuka Luthuli, barabara ya maduka ya vifaa vya umeme hapa Nairobi, siku ya Jumamosi (hata baada ya 2019 walipopanua njia za kutembea bado pale ni kusukumana tu) nikanunua bodi ya krosova ya njia mbili, imeandikwa 3000 Hz, koili moja ya kuzuia noti za juu zisiende wufa na kapasita moja ya kuzuia za chini zisiende twita, basi. Jamaa wa duka akaniambia "boss hiyo weka tu, inaingia kwa spika yoyote." Nikaweka. Nikapiga rhumba, gitaa la sebene linasikika kama liko kwa jirani, sauti ya Mbilia Bel imefunikwa blanketi. Besi iko, ile chii-chii ya simbali iko, hapo katikati hakuna mtu. Nikabadilisha waya, nikajaza sponji kwa kabati, nikalaumu ampi, nusura niuze kila kitu.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja fundi huko Kariobangi, ametengeneza redio tangu zile za valvu. Alifungua skrubu za twita, akagusa nyaya zake mbili na multimita, ikasoma 3.2. Akagusa wufa, 3.4. "Kijana, hizi ni ohmu 4. Hii bodi imepigiwa hesabu ya 8." Halafu akageuza risiti yangu akaandika nyuma.

Hesabu yenyewe ni hii na si ngumu. Kapasita ya twita unaipata kwa 1 gawanya kwa (6.28 mara frikwensi mara ohmu), koili ya wufa ni ohmu gawanya kwa (6.28 mara frikwensi). Kwa ohmu 8 na 3000 Hz inakuja kapasita ya maikrofaradi 6.6 na koili ya milihenri 0.42, na hiyo ndiyo ilikuwa kwa bodi yangu. Sasa chukua vipuri hivyo hivyo uviwekee ohmu 4: twita inaanza 6000 Hz, wufa inaishia 1500 Hz. Okteva mbili nzima (okteva ni frikwensi ikiongezeka mara mbili) zimebaki bila mwenyewe, na pale kwa 3000 kila mmoja ameshuka desibeli kama 7, tena hata wakijumlishwa hawasaidiani. Na hapo ndipo kucha inapogusa waya wa gitaa, hapo ndipo herufi za mwimbaji zinasikika vizuri. Ndio maana ya blanketi.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Bodi ya ohmu 4 ukiiwekea spika za 8, twita inaanza kufanya kazi kutoka 1500 na wufa inapanda hadi 6000, zote mbili zinapiga kelele mahali pamoja, na twita ndogo haikuzaliwa kubeba 1500. Itaimba wiki mbili, siku ya sherehe mtu apandishe volyumu, unasikia harufu. Kwa hivyo mimi kosa langu lilinikosesha sauti tu, wewe la kwako linaweza kukukosesha twita.

Sasa tuanze na ohmu. Usiamini stika ya nyuma, mara nyingi imetoka ama imebandikwa na mtu mwingine. Multimita inapima upinzani wa waya wa koili ya sauti tu, ile iko ndani ya spika inasukuma koni, na huwa chini kidogo ya namba inayoandikwa: ya 4 inasoma 3 na kitu, ya 8 inasoma kati ya 5.5 na 7, ya 16 inasoma 11 hadi 13. Ukipata wufa ya zamani ya Uingereza ya 15 iweke kundi la 16, ni kitu kile kile.

Ohmu 4 ni nzuri kama ampi yako ni hizi bodi ndogo za kisasa za klasi D. Chip kama TPA3116 ukiipa volti 21 inatoa wati 50 kila upande kwa ohmu 4, na kwa ohmu 8 hata ukiipandisha hadi volti 24 unapata 30. Hapo 4 inakulipa. Na spika za 4 ndizo rahisi kupata hapa mjini, kila nganya, yaani matatu ya mziki, ikivuliwa mziki wake kuna rundo la wufa za 4 zinatafuta mtu. Ubaya ni kwamba ampi inatoa kerenti mara mbili, waya mwembamba unaanza kula sauti, na koili za krosova lazima ziwe za waya mnene la sivyo nusu ohmu ya koili yenyewe ni sehemu kubwa ya hizo 4.

Ohmu 8 ndiyo ningemwambia mtu ambaye ana ile risiva ya Kijapani ya miaka ya sabini aliyorithi kwa mjomba. Angalia nyuma ya hiyo mashine, zile nyingi huandika kwamba ukitumia A ama B, zile sehemu mbili za kufunga pea za spika, peke yake ni ohmu 4 hadi 16, lakini ukiwasha A na B pamoja iwe 8 hadi 16. Maana yake ni kwamba hizo pea mbili zinaunganishwa paraleli (sambamba), 8 na 8 zinakuwa 4, mashine inavumilia, lakini 4 na 4 zinakuwa 2 na hapo unaanza kunusa transista. Ampi ya umri huo haina spea za kuchezea, usiitese.

Ohmu 16 watu wanaikimbia bure. Ndiyo, ampi ya transista ya wati 40 kwa ohmu 8 inakuwa kama 20 kwa 16, lakini wufa nyingi za zamani za 15 ama 16 zina koni nyepesi ya karatasi na sumaku nzuri, zinaimba kwa nguvu na wati chache, wati 20 kwa sebule ya Umoja ama Donholm ni nyingi kuliko jirani anavyotaka. Na krosova ya 16 ina kitu kitamu: kapasita zinakuwa ndogo nusu ya zile za 8, unanunua nzuri kwa bei ya chini. Koili ndizo zinakuwa kubwa mara mbili, hapo ndipo unalipa.

Wenye ampi za valvu, nyinyi mna raha yenu, transfoma ya kutokea ina nyaya za 4, 8 na 16, unachagua inayolingana na spika. Lakini usiwashe hiyo mashine na spika zimetolewa, na usicheze bila kitu kimefungwa hapo mbele, transfoma ikiungua utalia.

Kuna hesabu moja inachanganya watu sana, hata mafundi. Mtu ana wufa ya 8 na twita ya 8, anasema jumla ni paraleli kwa hivyo ni ohmu 4, anaogopa. Hapana. Krosova ikiwepo, kwa noti za chini ampi inaona wufa tu kwa sababu kapasita imefunga njia ya twita, na kwa noti za juu inaona twita tu kwa sababu koili imefunga njia ya wufa. Mzigo unabaki 8. Paraleli ya kweli ni wufa mbili zinazopiga noti zile zile. Hapo kama unataka spika yenye wufa mbili, 8 mbili kwa paraleli zinakupa 4 na sauti inapanda desibeli 6 kwa volti ile ile, 4 mbili kwa siriizi (moja nyuma ya nyingine) zinakupa 8 na ampi inapumua. Na nne za 8, mbili mbili siriizi halafu paraleli, zinarudi 8 tena, hiyo ni ya wale wa kabati kubwa kama friji.

Na bado hiyo 8 ni namba ya kwenye karatasi tu. Wufa ya ohmu 8 ikifika kwa mtetemo wake wa asili inaweza kuruka hadi 30 ama 40, inashuka, halafu ukipanda juu inaanza kupanda tena sababu koili ya sauti yenyewe ni koili. Kwa hivyo ukihesabu koili ya krosova kwa 8 na pale kwa 3000 wufa inaonyesha 14, wufa haitakatwa ulipotaka. Dawa ni rezista ya ohmu 8 na kapasita ya maikrofaradi 10 zifuatane, halafu hizo mbili ziwekwe paraleli na wufa. Ndizo vipuri vya bei ndogo zaidi kwa kabati nzima na ndivyo watu wanaviruka.

Haya, krosova sasa. Kuna kutoiweka kabisa, kuna kapasita moja, kuna koili moja na kapasita moja, na kuna mbili mbili, yaani koili na kapasita kwa wufa, koili na kapasita kwa twita.

Kutoiweka kabisa ni kwa ile spika moja ya kufanya kila kitu, ile ina koni ndogo ndani ya koni kubwa. Hii ndiyo sauti ya redio za zamani kweli, sauti ya mtu kuongea inatoka mahali pamoja, hakuna wa kugombana na mwenzake. Besi haishuki sana na simbali ni za kukisia. Kama unasikiliza taarab, zilizopendwa na mahojiano ya redio, usijisumbue na kitu kingine. Kama watoto watakuja na amapiano, jisumbue.

Kapasita moja kwa twita na wufa iachwe huru: watu wanaidharau wanasema ni ya bei rahisi, lakini JBL L100 ya 1970, ile ya koni nyeupe ya inchi 12 ambayo watu wanaitafuta mpaka leo, wufa yake haina krosova kabisa, inaachwa ijikate yenyewe. Shida ni kwamba wufa ile ilitengenezwa ijikate vizuri. Wufa ya gari yenye koni ya plastiki ngumu ukiiacha huru inapiga kelele yake hapo kwa 3000 ama 4000 kama mtu anagonga sufuria. Koni ya karatasi ndiyo inakubali. Kwa twita ya ohmu 8, kapasita ya 3.3 inaanza 6000 Hz, ya 4.7 inaanza 4200 hivi, ya 2.2 inaanza 9000. Mimi kwa twita ndogo za karatasi za zamani huweka 3.3 na nalala.

Koili moja na kapasita moja, ile bodi yangu, inapunguza desibeli 6 kila okteva. Uzuri wake ni kwamba ohmu zikiwa sawa wufa na twita zinaunganika laini sana. Ubaya ni polepole, okteva mbili chini ya mahali ulipokata twita bado inapata kitu, imeshuka desibeli 12 tu, kwa hivyo inataka twita ngumu ama volyumu ya heshima.

Mbili mbili ni desibeli 12 kila okteva, okteva mbili chini inakuwa 24, twita imelindwa. Kwa 3000 Hz na ohmu 8 ni kapasita 4.7 na koili 0.6 kila upande, na 4.7 unaipata kila duka. Kwa ohmu 4 ni kapasita karibu 9.4, ambazo ni 4.7 mbili paraleli, na koili 0.3. Kwa aina hii unageuza nyaya za twita, plas iende kwa minas. Fundi mwingine akiona hivyo atakuambia umekosea, mwambie asante na uache hivyo hivyo, la sivyo pale zinapokutana zinauana na unarudi kwa blanketi. Na ohmu zikikosana hapa makosa yake ni tofauti kidogo: mahali pa kukata hapahami, lakini bodi ya 8 kwa spika za 4 inalegea hapo katikati, na bodi ya 4 kwa spika za 8 inafanya kilima, sauti inapiga kelele puani.

Kama unataka kujua hii njia ya kupiga hesabu sana inafika wapi, angalia LS3/5A, kisanduku kidogo ambacho BBC walibuni miaka ya sabini kwa kusikilizia ndani ya magari ya matangazo. Ohmu 15 zile za kwanza, krosova imejaa vipuri kushinda spika yenyewe, na inakula wati, iko desibeli kama 82 ama 83 tu. Sauti ya mtu kwa hiyo ni kama ameketi na wewe. L100 na hii ni za muongo mmoja, moja karibu haina krosova na nyingine ni krosova yenye spika juu, na zote zina watu wa kuziombea. Usimwache mtu akudanganye kuna jibu moja. Lakini hiyo ya BBC iliwezekana kwa sababu kila wufa ilijulikana na kupimwa, na wewe na mimi wufa zetu tumezitoa kwa gunia.

Twita kuwa na kelele kushinda wufa ni kawaida, hasa za honi. Usiongeze kapasita ndogo kuituliza, hiyo inahamisha mahali pa kukata tu. Weka rezista, 4 kwa siriizi na 8 paraleli na twita ya ohmu 8, inashuka desibeli 6 na krosova bado inaona 8. Rezista ziwe za wati 10, zile nyeupe za kauri. Piezo nayo, ile honi nyeusi imejaa kila duka Luthuli, haina koili ya sauti, yenyewe inafanya kama kapasita, haihitaji krosova ya maana, weka rezista ya ohmu 30 hivi kwa siriizi ampi isiyumbe na uachane nayo. Mimi siipendi, inachoma masikio, lakini haiungui ovyo.

Kuhusu vipuri vyenyewe nitasema kidogo. Kapasita iwe ile haina plas na minas. Ukikosa, chukua mbili za kawaida za maikrofaradi 10 uunganishe minas kwa minas, inakuwa 5. Zile za zamani kwa kabati za 1970 na kitu badilisha, zimekauka. Koili unaweza kuzungusha mwenyewe kwa kipande cha paipu ya PVC, waya wa shaba wenye vanishi unauzwa kwa kilo kwa wale wa kuzungusha mota, na usihesabu mizunguko kwa kichwa, pima na kile kipima vipuri cha Kichina chenye skrini ndogo, punguza mzunguko mmoja mmoja mpaka isome. Nilimaliza usiku mmoja hivyo, vidole vimekuwa vyekundu, nikapata 0.61 na 0.60. Zipachike mbalimbali kwa mbao na moja ilale, nyingine isimame, zikiwa karibu zinaongeleshana.

Sasa ukinishika koti uniulize wewe ufanye nini: una risiva ya zamani ama valvu, tafuta wufa ya karatasi ya 8, mbili mbili kwa twita, koili moja tu kwa wufa pamoja na ile rezista na kapasita yake, halafu jaribu twita plas kwa plas na plas kwa minas ukisikiliza mtangazaji wa redio kwa sauti ya chini, uache ile anayosikika yuko mbele yako. Una bodi ndogo ya klasi D na spika za gari, kaa na 4 na uhesabu krosova ya 4, usinunue tayari. Huna subira kabisa, spika moja kamili bila krosova, na hakuna aibu.

Ile bodi yangu ya Luthuli sikuitupa. Mwaka uliofuata jirani alikuja na wufa na twita za ohmu 8 alizotoa kwa kabati la babake, nikazipima, 6.1 na 5.8, nikamfungia ile bodi vile vile ilivyo. Hajawahi kuirudisha.